Mfumo Haujui Busi

Shule zilipofungwa mwaka ule wa korona, Yasinta hakuwa na mahali pa kumweka mtoto. Alikuwa karani wa masjala katika wizara moja kule Mtumba, Dodoma, na wizara hazikufungwa. Kila siku alitoka nyumbani kwake Zuzu jua halijachomoza, akavuka mji mzima kwa magari mawili, na aliporudi giza lilikuwa limeshaingia. Frida, binti yake wa pekee, alikuwa darasa la sita. Kumfungia ndani kutwa nzima hakuweza. Kumwacha kwa jirani nako kulikuwa kugumu, maana majirani wenyewe walikuwa wanakwepana hata kuazimana chumvi. Basi akafanya walichofanya wenzake wengi: akamfungashia nguo na madaftari, akampeleka Busi, huko Kondoa, kwa bibi yake.

Haikupita muda shule ikatuma ujumbe. Ilikuwa shule ya binafsi pale mjini, na wenye shule walihofia kwamba wazazi wakiona watoto wamekaa bure wataacha kulipa ada. Masomo yangeendelea kwa simu. Kila darasa lingekuwa na grupu lake la WhatsApp, na namba zingechukuliwa kwenye fomu ambazo wazazi walijaza siku ya kumwandikisha mtoto. Yasinta akanunua simu ya mtumba, kioo kimepasuka pembeni, akaituma Busi kwa basi la Kondoa pamoja na vocha.

Kitu ambacho hakukikumbuka ni kwamba kwenye ile fomu kulikuwa na nafasi ya baba, naye aliijaza. Ndivyo Damas alivyoingizwa kwenye grupu.

Damas alikuwa dalali wa mahindi Kibaigwa. Alimwacha Yasinta mtoto akiwa bado anajifunza kutembea, akaoa mke mwingine hukohuko sokoni, na tangu hapo kazi yake ya ubaba ilikuwa kupiga simu sikukuu ya Krismasi na kuuliza mtoto amekua kiasi gani. Yasinta alipoona namba yake kwenye grupu alishtuka kidogo, kisha akasema moyoni kwamba hata kusoma hatasoma. Mtu wa magunia yule atafuata nini kwenye hesabu za darasa la sita?

Utaratibu wa shule ulikuwa huu. Saa mbili asubuhi mwalimu wa darasa, kijana mpole aliyeitwa Optatus, alirekodi somo kwa sauti na kulituma pamoja na picha ya mazoezi. Kila mtoto alitakiwa aandike "Nipo" kabla ya saa tatu. Saa tatu ikigonga, sekretari alichukua majina ya walioandika na kuyaingiza kwenye mfumo, programu mpya ya kompyuta ambayo mkuu wa shule aliinunua na kuisifia sana. Ijumaa mfumo ulitoa ripoti ya mahudhurio. Jina la kila mtoto lilikuwa na rangi: kijani kwa anayehudhuria, njano kwa anayesuasua, nyekundu kwa asiyehudhuria. Ripoti ilibandikwa kwenye grupu wazazi wote waione.

Frida alikuwa mwekundu tangu wiki ya kwanza.

Yasinta alimpigia mama yake jioni ileile. Bibi Restuta alikuwa mwanamke wa jembe, Kiswahili chake kizito kidogo kwa Kirangi, asiyependa kulaumiwa.

"Mtandao wa masomo hapa nyumbani hakuna, sauti tu ndiyo inafika kwa kubahatisha, mwanangu," alisema. "Mtandao uko kule kwenye mawe nyuma ya zahanati. Asubuhi mimi niko shambani, uwele umeiva, ndege wanamaliza. Nimwache mtoto wa kike apande mawe peke yake na simu mkononi? Tunakwenda wote alasiri nikitoka shamba. Anafungua masomo yake, anasikiliza, anaandika, anatuma. Hatujaacha hata siku moja."

Na kweli hawakuacha. Yasinta aliingia kwenye simu yake akaona kazi zote za Frida, picha moja baada ya nyingine: sehemu, desimali, insha ya Kiingereza juu ya mvua, mwandiko wake ule wa kuegemea kushoto. Pembeni ya picha moja kilionekana kidole cha bibi kikishikilia daftari lisipeperuke. Chini ya kila kazi mwalimu Optatus alikuwa amejibu: "Vizuri sana Frida." "Safi." "Umekosa la nne tu."

Akampigia mwalimu.

"Mwalimu, huyu mtoto kazi zote anazifanya. Wewe mwenyewe unamsahihishia. Huo wekundu unatoka wapi?"

"Mama Frida, mimi nakubaliana na wewe," mwalimu alisema. "Lakini mfumo unahesabu ile 'Nipo' ya asubuhi tu. Kazi hauzihesabu."

"Basi mweleze huyo anayeuendesha."

"Nimemweleza. Jaribu kuongea na mkuu."

Mkuu wa shule alimsikiliza kwa adabu. Kwenye simu alikuwa na sauti nzuri ya mtu aliyezoea vipaza sauti. Alimwambia kwamba shule inawatendea watoto wote sawa, kwamba wakianza kumtazama kila mmoja na hali yake ripoti haitakuwa na maana, na kwamba wako wazazi wenye watoto vijijini ambao wamefanya mpango.

"Mpango gani, mwalimu mkuu? Mtoto yuko Busi. Mtandao unapatikana mlimani."

"Naelewa, mama. Lakini mfumo haujui Busi."

Alicheka kidogo alipolisema, kama mtu aliyetoa mzaha usio na ubaya. Yasinta hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, simu mapajani, akafikiria kumrudisha Frida Zuzu. Lakini angekaa na nani? Akaomba ruhusa kazini, akanyimwa. Wenzake wawili walikuwa wagonjwa na masjala ilikuwa na watu pungufu. Akajiambia kwamba rangi ni rangi tu. Shule zitafunguliwa, mtoto atarudi darasani, na daftari zake zitaonekana.

Ijumaa ya tatu, ripoti ilipobandikwa, Damas aliandika kwenye grupu kwa mara ya kwanza.

"Binti yangu Frida nyekundu tena? Mama yake yuko wapi?"

Kisha mzazi mmoja, ambaye Yasinta hakuwahi kumwona maishani, akaandika kwamba wazazi wengine wanategemea walimu tu huku wao wanahangaika na maisha ya mjini. Mwingine akaweka alama ya kusikitika. Mwalimu Optatus akaandika, "Wazazi tuheshimiane." Yasinta aliandika maelezo marefu, Busi, mawe, zahanati, uwele, akayasoma, akaona anajieleza kwa wageni kana kwamba ameiba, akayafuta. Baadaye alijilaumu kwa kuyafuta.

Mwezi wa tano ulipoanza akapigiwa simu na afisa ustawi wa jamii. Jina lake Bi Debora. Alimwomba afike ofisini kwa mazungumzo kuhusu mtoto.

Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji na sabuni. Ndani viti vilikuwa vimetenganishwa, na kwenye kimoja alikaa Damas, barakoa ameishusha kidevuni, shati limepigwa pasi. Alikuwa amenenepa. Alimsalimia Yasinta kwa heshima kubwa, "Habari za siku nyingi, mama Frida," na heshima ile ndiyo iliyomtisha.

Bi Debora alikuwa na karatasi mbele yake. Yasinta alizitambua hata kabla hajasogea: ripoti za Ijumaa, zimechapwa kwa rangi, kila moja na mhuri wa shule. Jina la Frida lilikuwa limezungushiwa kalamu.

"Umezipata wapi hizi?" Yasinta alimwuliza Damas.

"Shuleni. Mimi si mzazi? Niliomba taarifa za mtoto wangu, wakanipa."

Bi Debora hakuwa mtu mbaya. Alieleza taratibu, kama anayesoma. Baba analalamika kwamba mtoto ametelekezwa kijijini, haishi na mama, haishi na baba, na masomo hahudhurii. Ushahidi wa shule unaonyesha hivyo kwa wiki zote. Baba anaishi Kibaigwa, kwenye barabara kuu, mtandao na umeme vipo, mke wake yuko nyumbani. Je, mama ana la kusema?

Yasinta alisema yote. Alifungua simu akamwonyesha zile picha za madaftari, moja moja, na majibu ya mwalimu.

Bi Debora alitazama. "Mwandiko mzuri," alisema. Kisha akarudisha macho kwenye karatasi. "Lakini mama, hizi ni picha za simu. Hizi hapa ni taarifa rasmi za shule. Mimi faili langu nitaweka kipi?"

Yasinta alilijua jibu. Yeye mwenyewe kazi yake ilikuwa kupokea karatasi. Miaka yote alikuwa akiwarudisha watu dirishani, wazee wa watu waliotoka mbali, kwa kuwa barua zao hazikuwa na mhuri, na hakuwahi kuona amefanya kosa.

"Mpigie mwalimu wa darasa," alisema mwishowe. "Tafadhali. Mpigie sasa hivi."

Bi Debora alipiga, akaweka sauti kubwa. Mwalimu Optatus alisalimia. Aliulizwa kama Frida anahudhuria masomo.

"Mtoto ni mzuri sana darasani," alisema. "Ana juhudi."

"Nauliza kuhudhuria, mwalimu. Ripoti ya shule ni sahihi au si sahihi?"

Yasinta aliinama kuelekea ile simu kana kwamba angeweza kumshika mtu aliye ndani yake.

"Ripoti ni ya shule," mwalimu akasema. "Ni sahihi kwa mujibu wa mfumo."

Basi. Ikaamuliwa mtoto akae kwa baba kwa muda, mpaka shule zitakapofunguliwa, kisha suala litazamwe upya. Neno "kwa muda" Bi Debora alilirudia ili Yasinta apoe. Damas alisema asante, akapandisha barakoa, akatoka.

Hakungoja hata wiki iishe. Alikwenda Busi na gari dogo la mizigo la rafiki yake, barua ya ofisi mfukoni. Bibi Restuta alipiga simu akiwa kule kwenye mawe, peke yake, upepo unavuma ndani ya maneno yake.

"Wamemchukua, mwanangu. Na karatasi. Mimi karatasi sijui kusoma. Nilimwambia Frida anisomee."

"Akakusomea?"

"Alisoma yote. Alisoma vizuri, bila kukwama. Alipofika kwenye jina lake akanyamaza, kisha akamaliza. Akaingia ndani akachukua madaftari yake na ile simu. Mimi ningefanya nini? Nilimwekea karanga."

Ijumaa iliyofuata Frida alikuwa njano. Iliyofuata, kijani. Na iliyofuata tena. Damas aliandika kwenye grupu: "Tunashukuru walimu. Malezi ni ushirikiano." Watu wakampigia makofi ya kwenye simu. Yule mzazi aliyemsema Yasinta akaandika, "Baba wa mfano."

Yasinta angefurahi kama angeweza. Alijaribu. Alijiambia labda mtu amebadilika, labda korona imemfundisha. Lakini alipopanda juu kwenye grupu kutafuta kazi za Frida, zile picha za madaftari, hakukuta hata moja tangu siku aliyoondoka Busi. Kulikuwa na "Nipo" kila asubuhi, mapema, mara nyingi ya kwanza kabisa. Baada ya hapo hakuna kitu.

Jumamosi moja akapanda basi kwenda Kibaigwa.

Mavuno yalikuwa yameingia. Malori yalijipanga kando ya barabara kuu, makuli wanapakia, vumbi la mahindi limetanda mpaka kwenye nyusi za watu. Aliulizia kwa Damas dalali, akaelekezwa kwenye kibanda cha chai nyuma ya mizani. Priska, mke wa Damas, alikuwa anakaanga chapati. Alikuwa mjamzito, miguu imevimba, na kwenye mfuko wa aproni yake ilichungulia simu yenye kioo kilichopasuka pembeni.

Frida alikuwa katikati ya malori na birika mkono mmoja na vikombe mkono mwingine. Alikuwa amekonda. Madereva walimwita "mtoto wa chai." Alipomwona mama yake alisimama, halafu akatazama kwanza kibandani, kama anayeomba ruhusa, ndipo akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Masomo je?"

"Mimi wa kijani sasa," Frida alisema. Hakuwa anatania.

"Najua. Unasoma saa ngapi?"

Priska ndiye aliyejibu, bila kugeuka kutoka kwenye kikaango, na sauti yake haikuwa ya shari. Ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Dada, mimi siwezi kukudanganya. Nikiwasha moto asubuhi nabonyeza tu hiyo 'Nipo', naendelea na kazi. Baba yake alisema nibonyeze. Mtandao hapa ni mkali. Masomo yenyewe atasoma saa ngapi na wateja hawa?"

Yasinta alimshika Frida mkono wakaanza kwenda barabarani. Hawakufika mbali. Damas alitokea upande wa mizani na madalali wenzake wawili, akawakingia njia, ile barua mkononi. Aliisoma kwa sauti hadharani. Makuli walishusha magunia wasikilize. Alisoma sehemu ya nyekundu, akasoma sehemu ya kutelekezwa, akauliza watu kama mama wa namna hiyo anaweza kuja kunyakua mtoto sokoni. Mtu mmoja akasema arudi ofisini kama ana malalamiko. Frida alikuwa anatazama chini. Vidole vyake vilikuwa vimelegea ndani ya mkono wa mama yake, na Damas alipovuta mkono wa pili, vilitoka bila kushikilia.

Jumatatu Yasinta akarudi kwa Bi Debora. Alikuwa na picha aliyoipiga kwa mbali, Frida na birika. Bi Debora akafungua faili, akamwonyesha ripoti mpya zilizoletwa na Damas.

"Mama, mtoto amepanda kutoka nyekundu mpaka kijani. Kumsaidia mama yake wa kambo kazi siku ya Jumamosi si kosa. Mimi nitamwambia nini bosi wangu? Kwamba shule inadanganya?"

"Ndiyo," Yasinta alisema. "Mwambie hivyo."

Bi Debora akafunga faili taratibu. Shule zinakaribia kufunguliwa, alisema. Avute subira.

Jioni ile alimpigia mwalimu Optatus. Alikuwa amejiapiza hatapiga kelele, na hakupiga.

"Mwalimu, Frida alikuwa anakutumia kazi kila siku. Sasa hatumi. Hukuliona hilo?"

"Niliona, mama."

"Ukafanya nini?"

"Nilitaka kukupigia." Alivuta pumzi. "Mama Frida, mshahara tunalipwa nusu, na hiyo nusu inategemea kijani. Darasa likiwa na wekundu wengi, mwalimu anaulizwa. Mtoto wako alipogeuka kijani mimi nilishukuru Mungu. Nakwambia ukweli."

Yasinta alikata simu. Hakumpigia tena.

Shule zilifunguliwa mwishoni mwa mwezi wa sita. Mkuu wa shule alituma ujumbe mrefu wa pongezi kwamba watoto wengi sana walihudhuria kipindi chote cha korona, akaambatanisha mchoro wenye nguzo za kijani, na mchoro huo baadaye ulichapwa kwenye bango kubwa la kutafuta wanafunzi wapya. Frida hakurudi. Damas alimhamishia shule ya Kibaigwa, karibu na nyumbani, na lile suala la kutazamwa upya halikutazamwa. Yasinta alifungua shauri mahakamani, likapangiwa tarehe, likaahirishwa. Mlalamikiwa hakufika. Likaahirishwa tena.

Halafu mwezi wa kumi, siku ya kazi, akapigiwa simu na kondakta wa basi. Kuna mtoto wako hapa stendi, njoo umchukue. Priska alikuwa amejifungua, msimu wa mahindi ulikuwa umekwisha, malori yamepungua, na Damas akaona kuna mdomo mmoja wa ziada wa kulisha. Alimpandisha Frida kwenye basi la Dodoma na mfuko mmoja wa nguo. Kumchukua kulikuwa na afisa, barua na mhuri. Kumrudisha kulihitaji nauli tu. Hakuna ofisi iliyouliza, na faili kwa Bi Debora, kwa kadiri Yasinta anavyojua, bado linasema mtoto yuko kwa baba.

Alimpeleka kwenye shule yake ya zamani. Mwalimu Optatus hakuwepo. Alikuwa amepunguzwa pamoja na wengine. Mwalimu wa taaluma aligeuza kompyuta ili Yasinta naye aone. Nyekundu, njano, kijani, kisha patupu.

"Rekodi zake hazieleweki," alisema. "Mwakani hatuwezi kumpokea darasa la saba. Arudie, na ada ilipwe yote."

Frida alikuwa amesimama mlangoni akisikia. Yasinta alitazama kile kioo, akatamani kusema mengi, akasema asante, wakatoka.

Mwezi wa kwanza alimwandikisha shule ya serikali hapo Zuzu, darasa la sita, upya. Jumapili kabla ya kuanza, baada ya kutoka kanisani, alimkalisha uani kwenye kigoda amnyoe, maana shule haikutaka nywele. Frida alitulia chini ya mkasi. Siku hizi alikuwa mtulivu kupita kiasi. Ukimwuliza jambo anakujibu hilohilo tu ananyamaza. Nywele zilianguka begani, kwenye kanga, kwenye vumbi. Yasinta alipofika nyuma ya sikio la kushoto mkasi ukasita. Palikuwa na kovu, jekundu bado, refu kama kidole, limeshuka mpaka mwisho wa nywele, ambalo nywele zilikuwa zimelificha muda wote ule.

"Hii ni nini?"

"Chai," Frida alisema.

"Nani?"

"Dereva mmoja alifungua mlango ghafla. Sikumwona."

"Baba yako alikupeleka hospitali?"

"Alisema siku hiyo kuna wateja wengi."

Yasinta alisimama na mkasi mkononi. Ng'ambo ya uzio treni ya mizigo ilikuwa inapita kuelekea Tabora, mabehewa mengi, na ilibidi angoje ipite yote ndipo sauti yake isikike.

"Ilikuwa lini?"

Frida alifikiri. "Ile wiki baba alipopongezwa kwenye grupu," alisema, akainamisha kichwa tena ili mama amalizie kunyoa.